Viti vya Darasa Moja

Siku fundi alipofariki, gundi ya kiti chake cha mwisho ilikuwa bado mbichi.

Alikibana kiti kwa kamba, akakitazama kwa jicho moja, akasema, "Haya, lala hapo, usiniangushe." Alizoea kusema na viti. Kisha akajinyoosha juu ya benchi la nyuma ya karakana, kama alivyofanya kila mchana. Mke wake alikuwa kwenye kona yake, anapiga msasa mguu wa meza. Alipomaliza, alimwita mumewe aje autazame. Akaita tena. Mara ya tatu hakuita. Aliweka msasa chini, akaenda mwenyewe.

Watu wa mtaa ule humwita mwanamke huyo Mama Msasa. Jina lilitokana na kazi. Kiti kikitoka kwa mafundi kikiwa na makwaruzo, yeye ndiye aliyekilainisha mpaka kikateleza mkononi. Kisha akakipaka vanishi. Mumewe alikuwa akisema, "Mimi natengeneza kiti. Mke wangu anakifanya kipendwe."

Siku za msiba nyumba ilijaa watu. Baadaye watu wakapungua, kama ilivyo. Akabaki yeye na binti yake anayesoma sekondari. Asubuhi binti alikwenda shule, na nyumba ikawa kimya mpaka mtu aliweza kusikia maji yakichemka jikoni.

Karakana ilifungwa. Hata hivyo, kila asubuhi watu watatu walikuja kukaa nje ya mlango wake. Wa kwanza alikuwa Shemeji, mdogo wa marehemu, mtu wa maneno mengi na mikono minene. Wa pili alikuwa Mrefu, ambaye aliinama kila alipoingia mlangoni. Wa tatu aliitwa Kimya, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Wote watatu walikuwa mafundi. Walikaa pale kama watu wanaosubiri gari ambalo limeshapita.

Siku moja Shemeji alikuja nyumbani. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Shemeji," alisema, "nina neno, lakini usinikasirikie."

"Sema tu, shemeji."

"Yule mzee anayeuza viti vya plastiki anaitaka karakana. Anataka kuifanya stoo. Atatulipa kodi kila mwezi. Wewe utakaa nyumbani, hutasumbuka."

Mama Msasa alikunja kitambaa alichokuwa nacho mkononi. Akakikunjua. "Na Mrefu na Kimya wataenda wapi?"

"Watatafuta kazi."

"Wapi?"

Shemeji alikuna kichwa.

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi?" Shemeji alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mimi nitalinda stoo. Nitakuwa mlinzi wa plastiki. Shemeji, tusijidanganye. Karakana ilikuwa ni kaka. Sisi tulikuwa mikono yake tu. Na wateja wote walikuwa wake. Tangu afariki, nani amekuja kuagiza hata kigoda?"

Hilo lilikuwa kweli, na Mama Msasa alilijua.

"Anataka jibu lini?"

"Mwisho wa mwezi ujao."

"Basi mwambie asubiri mpaka huo mwisho wa mwezi," alisema Mama Msasa. Hakujua bado angefanya nini. Alijua tu kwamba hakutaka kuuona mlango ule ukifunguliwa na mtu mwingine.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mshonaji, rafiki yake wa miaka mingi. Mwanamke huyo alikuwa na sauti iliyozidi mlio wa cherehani yake. Siku iliyofuata alimkuta Mama Msasa amesimama nje ya karakana na funguo mkononi.

"Wewe mwanamke, utautazama mlango huo mpaka lini?"

"Mpaka ujifungue wenyewe."

Mshonaji akacheka. Mama Msasa naye akacheka, kisha akashangaa kujisikia akicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Njoo ukae," alisema Mshonaji, akiondoa vitambaa juu ya kiti. "Hivi unajua hizi sare za shule ninazoshona nimezipataje? Kwa uzuri wangu?"

"Kwa mdomo wako."

"Mdomo ulisaidia. Lakini nilikwenda katikati ya jiji, kwenye ofisi ya viwanda vidogo. Halmashauri imeamua vitu vya shule zake vitengenezwe humu humu mjini. Zamani viti viliagizwa kutoka mbali, vikafika vimevunjika. Fedha ikaondoka na ajira ikaondoka nayo. Sasa wanatafuta mafundi wa hapa. Na wewe una mafundi wamekaa nje wanahesabu nzi."

"Ofisi zile si za watu wenye suti?"

"Nilikwenda na ndala, na uzi umening'inia begani. Wakanipa kiti, nikakaa. Kiti chenyewe kilikuwa kibovu. Nikakukumbuka wewe."

Kesho yake Mama Msasa alivaa nguo yake nzuri akaenda. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mapana. Dirishani aliona uwanja, na ng'ambo ya uwanja aliona jengo refu lenye mashine zinazovuma. Aliyempokea alikuwa mwanamke kijana, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko, na vumbi la mbao kwenye nywele. Alikuwa afisa wa viwanda vidogo.

Mama Msasa alijieleza. Alipofika kwenye kifo cha mumewe, alifungua pochi yake, akaifunga tena.

"Pole sana, mama," alisema Afisa. Akamwachia muda. Hakuangalia saa wala simu.

"Sasa niambie, mwanangu. Ofisi hii inafanya nini hasa? Nimesikia tu juu juu."

"Nitakueleza. Jiji hununua vitu vingi, mama. Viti, sare, mapipa ya taka, milango ya zahanati. Vikitengenezwa hapa, watu wa hapa wanapata kazi. Lakini fundi mdogo akiwa peke yake anazidiwa. Hana mashine kubwa. Hana soko la uhakika. Hana mtu wa kumkagulia kazi kabla haijafika kwa mteja. Sisi tunaingia hapo. Lile jengo unaloliona ni karakana ya pamoja. Fundi aliyesajiliwa anatumia mashine kwa zamu. Tunatoa mafunzo pia. Na hapa hakuna mtu wa kupewa chai ili akusikilize. Ukiombwa, njoo uniambie."

"Nianzie wapi?"

"Anza kwa kusajili karakana kwa jina lako. Njoo na kitambulisho chako na cheti cha kifo cha marehemu. Ukishasajili, utatuletea viti vya darasa moja, tuvipime. Vikipita, mtapewa kazi ya shule nzima."

"Na visipopita?"

"Tutakwambia kwa nini."

Mama Msasa alirudi akitembea haraka. Aliwakuta wale watatu nje ya mlango, akafungua kufuli bila kusema neno. Harufu ya mbao ikawapiga usoni. Maranda aliyoyaacha marehemu yalikuwa bado sakafuni. Kwa muda hakuna aliyeingia.

"Viti vya darasa moja," alisema Mama Msasa. "Vikipita, tunapewa shule nzima."

"Shule nzima!" Mrefu alisema. Aliinua kichwa kwa furaha akakigonga kwenye boriti la mlango.

Shemeji aliuliza, "Karakana itasajiliwa kwa jina la nani?"

"Kwa jina langu, shemeji."

Shemeji alikanyaga maranda, akaingia. "Haya," alisema. "Afadhali lako kuliko la mzee wa plastiki."

Mama Msasa alirudi ofisini na kitambulisho na cheti cha kifo, karakana ikasajiliwa, na kazi ikaanza. Ukutani ulining'inia ufito wa vipimo. Ulikuwa ubao mwembamba wa mti mgumu, uliokwanguliwa alama: hapa urefu wa mguu, hapa upana wa kikalio, hapa kimo cha mgongo. Baba wa Shemeji na marehemu ndiye aliyeuchonga. Marehemu aliupokea kwake, akautumia maisha yake yote. Kazi ya kupima ilikuwa yake peke yake. Wengine walikata pale alipochora.

Binti, aliyekuja kusaidia baada ya shule, aliona futi kamba imetundikwa kwenye msumari, ina vumbi.

"Baba mdogo, kwa nini msipime kwa futi?"

"Mwanangu, ufito huu haujawahi kukosea," alisema Shemeji. "Baba yako alitengeneza viti kwa ufito huu kabla hujazaliwa. Wewe mwenyewe ulijifunza kusimama kwa kushika kiti chake."

Binti hakubishana. Nani angebisha?

Basi Shemeji alipima, Mrefu akapima, na Kimya akapima. Kila mmoja alitaka kuushika ufito wa marehemu, na kila mmoja alifanya kwa makini. Miguu iliyokatwa waliitupa kwenye rundo moja. Walipounganisha viti, vilicheza kidogo sakafuni. Hilo halikumshtua mtu. Sakafu ya karakana ilikuwa ya udongo, yenye mabonde, na kila kitu kilicheza pale. Mama Msasa alipiga msasa mpaka vidole vikawaka moto, akapaka vanishi mara mbili. Viti vikang'aa. Mrefu alijitazama kwenye kikalio kimoja akachana nywele.

"Tukikosa hapa," alisema Shemeji, "basi walimu wanataka viti vya dhahabu."

Walivipakia kwenye mkokoteni wakavipeleka kwenye karakana ya pamoja. Sakafu yake ilikuwa ya saruji, laini kama meza. Waliviteremsha na kuvipanga kwa safu.

Afisa alikalia kiti cha kwanza. Ngwa! Akakalia cha pili. Ngwa, ngwa! Kila kiti kilikuwa na mlio wake. Mafundi waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashine waligeuka kutazama. Mmoja akasema, "Hiyo ni ngoma au ni viti?" Wenzake wakacheka.

Afisa hakucheka. Aliweka ubao mrefu juu ya vikalio vya safu nzima. Ubao ulipanda, ukashuka, ukapanda tena kama njia ya milimani.

Uso wa Shemeji ulikuwa umebadilika rangi. "Sakafu yenu ndiyo mbovu!" alisema. "Sisi kwetu viti hivi vimetulia!"

Mama Msasa alijua kwamba hata kwao havikutulia. Alitamani ardhi ipasuke.

Afisa alichukua pima maji, kile chombo chenye kibomba cha kioo na povu ndani yake. Akakiweka sakafuni. Povu likakaa katikati. "Sakafu iko sawa, mzee wangu," alisema kwa upole. "Viti ndivyo vinavyotofautiana. Mbao ni nzuri. Viungo ni imara. Ulainishaji huu sijawahi kuuona. Lakini siwezi kuvipitisha. Mtoto akikaa hapa ataandika huku anayumba."

Walirudi na mkokoteni wao. Walipokaribia mtaani, Shemeji alisema, "Nilikwambia, shemeji. Karakana ilikuwa ni kaka."

Mama Msasa aliendelea kusukuma mkokoteni. Usiku ule alimwambia binti yake, "Labda baba yako mdogo anasema kweli. Labda tumwachie huyo mzee stoo yake."

"Afisa amesema mbao ni nzuri na viungo ni imara," alisema binti. "Mama, mtu akitaka kukufukuza hakusifii viungo."

Kesho yake, kabla Mama Msasa hajaamua lolote, Afisa mwenyewe alitokea mlangoni.

"Hodi hapa?"

"Karibu," alisema Mama Msasa kwa mshangao. "Umekuja kutunyang'anya usajili?"

"Nimekuja kuona mnavyofanya kazi. Mama, kazi yangu si kukataa viti tu. Ningekuwa nakataa tu, jiji lingeweka kufuli mlangoni pa ofisi, lisinilipe mimi mshahara. Nawaomba kila mmoja anipimie mguu mmoja wa kiti. Kwa namna yake ile ile."

Shemeji alikwenda wa kwanza, bado amenuna. Alilaza mbao, akaweka kidole gumba kwenye ncha yake, akaanzisha ufito pale kidole kilipoishia. Akachora.

Mrefu naye aliweka kidole gumba. Kidole chake kilikuwa chembamba kama yeye mwenyewe. Akachora.

Kimya alilaza ufito sawa na ncha ya mbao. Akachora.

Afisa akaweka mbao tatu pamoja. Alama tatu zilikuwa mahali patatu.

"Kwa nini wewe na wewe mnaweka kidole?" aliuliza.

"Kaka alifanya hivyo," alisema Shemeji.

"Na wewe, kwa nini huweki?"

Wote walimtazama Kimya. "Mimi nilidhani yalikuwa madoido yake," alisema Kimya. Mrefu aligeuka haraka kumtazama, maana katika miaka yote ile hakuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu namna hiyo.

Afisa aliugeuza ufito, akaitazama ncha yake kwenye mwanga. Ilikuwa ya mviringo, imelika. "Huu ulikuwa ukigongwa mahali?"

"Kila siku," alisema Mama Msasa taratibu. "Aligonga nao sakafu akitaka watu wamsikilize. Na baba yao aliugonga vivyo hivyo. Mashine kama zenu hazikuwepo, lakini kelele zilikuwepo."

"Lete futi, mdogo wangu," Afisa alimwambia binti. Wakapima kutoka kwenye ncha mpaka kwenye alama ya mguu. Ufito ulikuwa mfupi kuliko urefu wa mguu wa kiti kile cha mwisho cha marehemu, kilichokuwa bado kimesimama pembeni. Waliipima tofauti. Ilikuwa upana wa kidole gumba cha mwanamume.

Mama Msasa alikifahamu kidole hicho. Ukucha wake ulikuwa na doa jeusi, mahali nyundo ilipompata wakiwa bado vijana. Miaka yote alikiona kikikaa kwenye ncha ya mbao, na miaka yote alidhani ni pozi. Kumbe kila kiti kilichotoka mle kilikuwa na kipande cha mkono wake. Alikaa kwenye benchi. Hakulia kwa sauti. Binti alikuja akakaa karibu naye, bega kwa bega.

Shemeji alitazama kidole chake kinene, kama mpini wa nyundo. "Kwa nini hakuniambia?" alisema. "Mimi ni mdogo wake. Kwa nini hakuniambia?"

"Sidhani alikuficha," alisema Afisa. "Mafundi wengi wako hivyo. Jambo likizoeleka mkononi, mtu hakumbuki tena kwamba ni jambo. Alijua ufito umelika, akaongeza kidole. Kwake hesabu ilitimia, kwa sababu kidole kilikuwa kimoja. Ninyi mna vidole vya watu wawili, na mmoja haweki kabisa. Basi miguu imekuwa ya aina tatu."

"Na kasoro nyingine aliimalizia kwa randa," alisema Mrefu. "Kila kiti alikiweka juu ya meza, akakipunguza kidogo kidogo mpaka kikatulia. Nilikuwa namwona."

"Ni sawa kwa kiti kimoja. Kwa shule nzima mtazeeka mnapunguza. Sikilizeni, nitawaonyesha njia."

Alichukua kipande cha ubao mgumu, akapigilia kizuizi kidogo kwenye ncha moja. Alipima kwa futi kamba kutoka kwenye kizuizi, akakata pale urefu wa mguu ulipoishia. "Hiki kinaitwa kiolezo. Unalaza mbao juu yake, unaisukuma mpaka iguse kizuizi, unachora hapa kiolezo kinapoishia. Huhitaji kidole wala jicho la mtu. Akipima mnene, akipima mwembamba, mguu ni ule ule. Tengenezeni kimoja cha mguu, kimoja cha kikalio, kimoja cha mgongo. Vipimo viandikeni ukutani kwa herufi kubwa. Na kila mwezi kipimeni kiolezo chenyewe kwa futi, kwa sababu nacho huchakaa. Kikilika, msikionee huruma. Chongeni kingine."

Shemeji alikuwa ameushika ufito kwa mikono miwili. "Na huu? Baba ndiye aliyeuchonga. Mnataka tuutupe?"

Hapo wote wakamtazama Mama Msasa. Karakana sasa ilikuwa kwa jina lake.

"Hakuna anayetupa kitu, shemeji," alisema. "Peleka nyumbani kwako, ukautunze. Lakini hautapima tena. Mtoto wa watu akianguka na kiti chetu, hatauliza ufito ulichongwa na nani."

Shemeji aliupangusa ufito vumbi. Kisha akaufunga ufito kwa gunia safi, akaupeleka kwake siku hiyo hiyo. Aliporudi alisema, "Haya, hicho kiolezo cha kikalio nachonga mimi. Mrefu atakichonga kirefu."

Walivunja viti vyote vilivyokataliwa. Hilo liliuma, hasa kwa Mama Msasa, ambaye vanishi ilikuwa bado inanukia kwenye vidole vyake. Lakini mbao nyingi zilifaa tena. Afisa aliwapa zamu kwenye karakana ya pamoja, na Shemeji akaandikishwa kwenye mafunzo ya mashine ya kukata.

"Mimi?" alilalamika. "Nirudi shule na mvi hizi?"

"Nenda," alisema Mama Msasa. "Mvi haziulizwi mlangoni."

Siku ya kwanza alirudi kimya. Siku ya pili alirudi akieleza watu wote wa mtaani jinsi msumeno wa mviringo unavyowekewa kinga, jinsi mtu asivyotakiwa kuvaa nguo zinazoning'inia, na jinsi mbao inavyosukumwa kwa kijiti na si kwa mkono. Alieleza mpaka Mshonaji akamfokea kutoka ng'ambo, "Tumekwisha kufahamu, Mwalimu!" Jina likamkaa.

Binti aliandika vipimo ukutani kwa rangi nyeusi. Mrefu na Kimya walisawazisha kona moja ya sakafu kwa saruji, ili kila kiti kijaribiwe pale kabla hakijapigwa msasa. Sasa kiti kikicheza, kilijulikana mapema.

Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia walipopakia mkokoteni kwa mara ya pili. Mzee wa plastiki alikuwa ameshapita mara mbili, akiupima ukuta kwa macho.

Afisa alivipanga viti kwenye sakafu ile ya saruji. Mafundi wa mashine walisogea tena, na yule mwenye utani alisogea karibu zaidi. Afisa alikalia kiti cha kwanza. Hakikulia. Akakalia cha pili, cha tatu, akaendelea mpaka mwisho wa safu, na sauti pekee ilikuwa ya viatu vyake. Akalaza ubao mrefu, akaweka pima maji juu yake. Mama Msasa hakuweza kuona povu. Alimtazama Shemeji usoni. Shemeji alikuwa amefumba macho.

"Mama," alisema Afisa, "njoo uone mwenyewe."

Povu lilikuwa katikati.

"Sasa ngoma imekwisha," alisema yule fundi wa utani, na safari hii alimpa Shemeji mkono.

Waliposaini mkataba, Afisa aliwasomea kila kipengele kwa sauti, akawauliza kama wameelewa. Pale ambapo Mama Msasa hakuelewa, alisema hakuelewa, akaelezwa upya. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mzee wa plastiki kumpa jibu.

"Nimefikiri sana," alisema. "Karakana haitapangishwa."

Mzee alisogeza rundo la viti vya plastiki pembeni. "Nimesikia mmepata shule," alisema. "Basi nitengenezeeni meza ya duka. Hizi zangu za plastiki zinapinda."

Kazi ya shule nzima haikuwezekana kwa watu wanne. Mama Msasa aliajiri wanawake wawili wa mtaa ule kwenye msasa na vanishi, na kijana mmoja aliyemaliza mafunzo pamoja na Shemeji. Aliwafundisha wale wanawake yale aliyoyajua. Aliwaambia wafuate mwelekeo wa nyuzi za mbao, na wasipake vanishi siku yenye vumbi. Alipogundua jambo ambalo mkono wake ulikuwa ukilifanya bila kusema, alisimama, akalisema kwa sauti. Wakati mwingine alilisema mara mbili.

Viti vilipofikishwa shuleni, alikwenda navyo. Alisimama mlangoni mwa darasa watoto walipoingia wakigombea nafasi. Walikaa. Mwalimu alianza kuandika ubaoni, na watoto wakainama wote pamoja kwenye madaftari. Hakuna aliyekumbuka kuvitazama viti. Mama Msasa alisimama pale mpaka mwalimu akamuuliza kama kuna tatizo.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Natazama tu."

Mpaka leo, mchana mafundi wakipumzika, Mama Msasa huwa hakai karibu na benchi la nyuma alilolalia mumewe. Hakuna anayemuuliza. Mrefu hulala hapo siku hizi, miguu yake ikipita ncha ya benchi, na akianza kukoroma Shemeji humrushia maranda.

Shule ya pili imekwisha kuagiza. Wanaanza kukata miguu ya viti vyake Jumatatu.